Jinsi ya kufanya bakapu, kuapdeti na kurudisha vitu vya iPhone kwa kompyuta

Simu ya dada yangu iliganda kwenye nembo ya tufaha katikati ya apdeti, akaipeleka kwa fundi, fundi akaiflashi (akafuta kila kitu na kuweka programu upya) bila hata kumuuliza kama ana bakapu, yaani nakala ya vitu vyake iliyohifadhiwa pengine, ikarudi inawaka vizuri lakini tupu. Picha za mzee wetu za miezi yake ya mwisho zilikuwa humo humo tu. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kuna kitu cha kujaribu kwanza ambacho hakifuti chochote, nitakieleza hapo chini, ila kwanza tuanze na bakapu maana ndo kila kitu.

iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, ya bure ni GB 5 tu, kwa mtu mwenye video za watoto na magrupu ya WhatsApp hiyo inajaa mapema sana, halafu bakapu inasimama miezi na miezi wala hushtuki. Kwenye kompyuta unatumia nafasi ya diski yako mwenyewe na bando haliguswi, vitu vinapita kwenye waya.

Mwenye Mac ya macOS Catalina (ile ya 2019) kuja juu atumie Finder (ile programu ya mafaili iliyomo tayari), Mac za nyuma ya hapo ni iTunes. Mwenye Windows apakue Apple Devices kwenye Microsoft Store, iTunes nayo bado inafanya kazi. Chomeka simu, na hakikisha waya unapitisha data, kuna waya za bei rahisi zinachaji tu na utahangaika saa nzima ukidhani kompyuta ndo mbovu. Simu ikikuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo gusa Trust halafu weka namba zako za siri. Kompyuta uliyoiamini inaweza kufikia vitu vya simu yako, kwa hiyo tafadhali usifanye hivi kwenye kompyuta ya stesheneri, tumia yako au ya mtu wa nyumbani.

Simu ikitokea kwenye programu ibonyeze, chagua bakapu iende kwenye kompyuta badala ya iCloud, halafu weka tiki pale palipoandikwa Encrypt local backup. Hii tiki wengi wanairuka na ni kosa, bila hiyo pasiwedi ulizohifadhi, mambo ya afya, historia ya simu ulizopiga na waifai zako haviingii kwenye bakapu. Itakuomba utunge pasiwedi, iandike kwenye daftari, sio kwenye simu hiyo hiyo jamani! Ukiisahau hata Apple wenyewe hawawezi kukufungulia, utaweza kureseti settings za simu na kuanza bakapu nyingine ila ile ya zamani ndo imeshafungwa. Bonyeza Back Up Now, usubiri, usichomoe. Ikiisha angalia tarehe ya bakapu ya mwisho kama ni ya leo.

Kuna vitu haibebi. Kama umewasha iCloud Photos, picha zilizoko kule haziingii humu, na app zenyewe zitapakuliwa upya, kinachohifadhiwa ni data zake. Chati za WhatsApp zinaingia, na meseji nazo zinaingia kama hujaziweka iCloud. Ukitaka bakapu hiyo isije ikafunikwa na ya baadaye, nenda Manage Backups, bonyeza kulia, chagua Archive.

Apdeti sasa. Faida ya kompyuta ni kwamba faili linashukia kwenye kompyuta, kwa hiyo simu iliyojaa inayokataa kuapdeti yenyewe mara nyingi hapa inakubali. Bonyeza Check for Update. Faili ni GB kadhaa, mimi nasubiri bando la usiku, na laptopu iwe na chaji ya kutosha maana umeme ukikatika wakati simu inaandikwa ndo yanaanza yale ya dada.

Ikiganda kwenye tufaha usikimbilie fundi. Iache imechomekwa kwenye kompyuta, kwa iPhone 8 na zilizofuata bonyeza na uachie haraka kitufe cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu shikilia cha pembeni na USIACHIE hata tufaha likitokea, mpaka uone picha ya waya na kompyuta. iPhone 7 unashika cha pembeni na cha kupunguza sauti kwa pamoja, 6s kurudi nyuma ni cha pembeni au cha juu pamoja na cha Home. Kompyuta itakupa chaguo mbili, Update na Restore. Chagua UPDATE. Hiyo inajaribu kuweka iOS (programu inayoendesha simu) upya bila kugusa vitu vyako, Restore inafuta kila kitu. Kama intaneti ni ya kobe na upakuaji ukapita dakika 15 simu itatoka yenyewe kwenye hiyo hali, usiogope, acha faili limalize kushuka halafu rudia vitufe.

Update ikigoma kabisa ndo unaenda Restore, ukijua bakapu ipo. Kama simu bado inawaka zima kwanza Find My (ile ya kutafuta simu iliyopotea), na ujue Apple ID (akaunti yako ya Apple, siku hizi inaitwa Apple Account) na pasiwedi yake, ikishafutwa itaziulizia. Walionunua simu yuzdi hapa ndo wanakwama, akaunti ya mwenye simu wa kwanza bado imo, hakikisha ameitoa kabla hujafuta chochote. Ikishawaka upya chagua kurudisha kutoka kwenye kompyuta, chagua bakapu kwa tarehe, weka ile pasiwedi ya kwenye daftari. Ikikataa, angalia iOS, bakapu iliyotoka kwenye iOS mpya hairudi kwenye simu yenye iOS ya zamani, iapdeti kwanza.

Ikimaliza iache kwenye waifai na chaji app zishuke taratibu, na bakapu ya kwenye kompyuta usiifute mpaka umefungua picha zako za zamani kabisa ukaziona zinafunguka.