Somo: Jerandi na kirai nomino kwenye Kiingereza, tumalizane leo

Nimeulizwa hili mara nyingi mpaka nimeona niliandike sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

1. Chukua kitenzi, bandika "ing": "swim" inakuwa "swimming".

2. Angalia inafanya kazi gani. Hapa Kiswahili kinakubeba: ukitafsiri ikaja na ku- ("Swimming is good", kuogelea ni kuzuri) hiyo ni jerandi, yaani kitenzijina. Ikija na -na- ("He is swimming", anaogelea) ni kitenzi cha kawaida. "A sleeping child" ni mtoto aliyelala, hicho kivumishi, ila "sleeping bag" ni begi la kulalia, ku- hiyo umeiona, jerandi.

3. Kirai nomino ni nomino pamoja na maneno yote yanayoishikilia. King'oe chote uweke "it" au "they", sentensi ikisimama umekipata. "The big box of books is heavy", kichwa, yaani neno kuu linaloamua kitenzi, ni "box", usivutwe na "books" kisa iko karibu na kitenzi. Jerandi nayo inakuwa kichwa: "Reading old letters is fun", ni "is" hata barua ziwe mia.

4. Hapa ndo nilipoumia. Niliandika barua ya kuomba kazi nikamalizia "I look forward to meet you", nikaituma, rafiki akaja kunionyesha kosa barua ishafika. Nilidhani kila "to" ni ile ku- yetu, kumbe ziko mbili. Weka nomino mbele yake usikie: "I look forward to the party" inakubali, basi hiyo "to" ni kihusishi (kundi la "at", "without") na kitenzi kikifuata lazima kiwe na ing, "to meeting you". "I want to the party" inakataa, basi ni "I want to meet you".
ONYO: ku- haikuchagulii kati ya "to meet" na "meeting", zote kwetu ni kukutana. "Enjoy", "avoid", "finish" zinataka ing, "want", "hope", "decide" zinataka "to", hizo kariri tu. Na baada ya kihusishi chochote ni ing: "good at cooking", "without asking".

Swali: Kwa hiyo kila neno lenye ing ni jerandi?
Jibu: Hapana. Hatua ya 2.

Swali: Mkuu fupisha basi, nina mtihani kesho
Jibu: Nimeshafupisha. Kama mtihani ni kesho soma ya 4 mara mbili.

Swali: Mwalimu samahani, nimekutana na "stopped smoking" na "stopped to smoke", ipi sahihi?
Jibu: Zote dada, na umeuliza la maana sana. "He stopped smoking" aliacha kuvuta. "He stopped to smoke" alisimama ili avute. Angalia na hii: "I remember locking the door" nakumbuka nilifunga mlango, "Remember to lock the door" usisahau kufunga.

Mdau: Naongezea "used to". "I used to wake up early" zamani nilikuwa naamka mapema, "I am used to waking up early" nimezoea kuamka mapema. Kipimo chako cha nomino kinaingia hapa pia, "I am used to the noise".
Jibu: Asante sana ndugu, hii nilikuwa nimeiruka kabisa na watu wengi wanajikwaa hapo, naiongeza hatua ya 4 sasa hivi.