Jinsi ya Kufuatilia Marathoni kwa Simu Pasipo Televisheni

Hatua ya 1: Hakikisha saa ya kuanza. Wanaume wa kundi la mbele mjini Chicago huondoka saa 1:30 asubuhi ya huko, na kwa kuwa mwezi Oktoba Afrika Mashariki huwatangulia kwa saa 8, huku kwetu huwa ni saa 9:30 alasiri, ambayo simu huiandika 15:30. London, mwezi Aprili, tofauti ni saa 2 tu.

Hatua ya 2: Pakua programu rasmi ya mbio hizo siku moja kabla, umtafute mwanariadha wako, kisha uruhusu arifa. Akina Kiptum na Kipkemboi ni wengi, hivyo linganisha namba ya kifuani na nchi.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma muda wa vituo, maana hapa ndipo penye utamu wote. Kila mkimbiaji hubeba chipu ndogo, na mikeka ya kupimia muda iliyotandazwa barabarani, aghalabu kila kilomita 5, humsajili anapoikanyaga. Toa muda wa mkeka uliotangulia, nawe utaijua kasi yake. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, wastani wake ulikuwa takriban dakika 14:17 kwa kila kilomita 5. Lakini kati ya kilomita ya 30 na ya 35 alitumia 13:51, na aliyekuwa akipiga hesabu hiyo alijua kwamba mbio zimekwisha kupasuka bila kuhitaji mtangazaji.

Hatua ya 4: Usikiamini sana kitone kinachotembea kwenye ramani. Mara nyingi, kati ya mkeka na mkeka, programu hukisia tu kwa kufuata kasi ya awali, kwa hiyo mtu aliyejitoa kilomita ya 32 anaweza kuonekana bado anachapa mwendo. Kitone kikivuka kituo na arifa isije, subiri dakika mbili tatu, kwani huenda ni mtandao. Zikizidi, jiandae kwa habari mbaya.

Hatua ya 5: Ili bando lisikatike njiani, zima video zinazojianzisha zenyewe, maandishi hula kidogo mno.

Mwishoni utaona nyakati mbili. Ushindi na rekodi huhesabiwa tangu mlio wa kuanzia, ila ukimfuatilia ndugu yako aliye katikati ya maelfu, tazama muda wa chipu, kwa sababu anaweza kuchukua dakika nyingi kabla hata ya kuufikia mstari wa kuanzia.