SOMO: Kukagua mnara wa ruzuku kwenye kata yako

Ndugu zangu, mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 nchini kwa ruzuku ya UCSAF (Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote), hela ya umma hiyo, ila huku kwetu Uvinza naona watu wanapiga picha mnara ukiwashwa halafu basi, hakuna anayerudi kupima. Mnara kusimama sio mtandao kufika.

1. Muulize mtendaji wa kata au ofisa TEHAMA wa halmashauri, mnara umepangiwa vijiji gani na ni 2G tu au mpaka 4G? Bila hiyo huna cha kulinganisha.

2. Usipimie chini ya mnara!! Nenda shule, zahanati, na kitongoji cha mwisho kabisa hasa kilicho nyuma ya mlima. Pale mwaloni kuna mwembe ambao akina mama wa dagaa walikuwa wananing'iniza simu kwenye vimfuko ili meseji ya hela iingie, nimeenda miezi mitatu baada ya mnara kuwaka na vimfuko bado vipo. Iliniuma sana.

3. Ingia setingi, taarifa za simu, hali ya laini, utaona dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mtandao. -85 safi, -110 ni hoi. Alafu pakua faili la MB 5 na uhesabu sekunde, zikifika 40 hiyo ni kasi ya Mbps 1 (megabiti 1 kwa sekunde). Rudia asubuhi na saa 2 usiku, siku tofauti.

4. Mwenye duka aandike mnara ukizima saa ngapi na ukirudi saa ngapi. Mingi ya vijijini inategemea sola au jenereta, so hapa ndo utajua ukweli.

MASWALI

– Mkuu, mbona simu inaandika 4G lakini picha haiendi?

Hiyo 4G ni kati ya simu na mnara tu. Toka mnarani kwenda mbele njia inaweza kuwa finyu, au watu wamejaa. Ndo maana tunahesabu sekunde.

– Kaka mi nina kitochi, naweza kusaidia?

Sana dada. Piga simu 10 kila sehemu, andika ngapi zimepatikana na ngapi zimekatika katikati.

– Tukimaliza tunampelekea nani?

Mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na halmashauri, kisha UCSAF wenyewe. Peleka daftari lenye tarehe, malalamiko ya mdomo yanapotea. Sisi tumepeleka kurasa nne, na picha ya ule mwembe tumeibana mbele kabisa.