Kazi ya nyumbani au ofisini? Piga hesabu hizi kabla hujamfuata bosi

Kabla hujaenda kuomba uwe unapigia kazi nyumbani, chukua wiki moja uandike muda wako, sio kichwani, andika kabisa. Mimi nakaa Kimara, Dar es Salaam, ofisi iko Posta katikati ya jiji, na mabasi ya mwendokasi yapo tangu 2016 ila ukijumlisha kusimama kituoni mabasi yanapita yamejaa, kugombania mlango, kushuka Kivukoni shati limeshakunjamana, ni masaa matatu kwenda na kurudi. Hayo masaa ndo faida yenyewe ya nyumbani, zingine mbwembwe tu.

Haya, nyumbani mchana anakuwepo nani? Hapa ndo wengi tunaingia mkenge. Ukionekana upo basi upo likizo, mara nishikie mtoto nafika gengeni, mara mgeni, mara fundi bomba. Siku moja niko kwenye mitingi, nimesahau kuzima maiki, muuza samaki akapita dirishani anaita samakiiii, wateja wote wamesikia, bosi akauliza shilingi ngapi fungu. Tafuta chumba chenye mlango. Kama huna, fanya kama mimi, navaa viatu vya ofisini humohumo ndani, wife akiviona anajua sipo.

LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, icheki usiku, usisubiri mita ianze kulia. Weka laini za mitandao miwili tofauti, japo ile Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu hata sisi wa laini mbili tuliganda. Na bando nani analipa? Mkubaliane kwa maandishi mapema, vinginevyo litakula mshahara wako kimyakimya.

Ofisini kuna jenereta na AC, sawa, ila kikubwa ni ile chai ya saa nne. Semina na safari zenye posho zinagawanwa pale, na asiyekuwepo na lake halipo, usije ukalalamika.

Kwahiyo usiombe wiki nzima. Omba Jumanne na Alhamisi kwa mwezi mmoja wa majaribio, kila jioni mtumie bosi ulichomaliza (Ijumaa usiiguse, ataona unavuta wikendi). Mitingi zipange kwa ratiba ya mtaa wako, mimi zangu zote lazima ziishe kabla ya saa tano, muuza samaki hajafika.