Namna ya kutambua Porsche 911 ya zamani: anzia kwa kile kisichofunguliwa kwa spana

Porsche 911 huwachanganya hata mafundi wazoefu. Kuanzia 1964 mpaka 1998 umbo lake lilibaki karibu lile lile: taa mbili za mviringo, paa linaloteremka mpaka mgongoni, na injini ya silinda sita iliyolazwa nyuma ya magurudumu ya nyuma, ikipozwa kwa hewa na oili bila tone la maji. Ukiwa Lubumbashi ukatumiwa picha kwa WhatsApp na muuzaji wa Johannesburg, gari la 1973 na gari la 1985 lililovalishwa sura ya 1973 yanaweza kuonekana mapacha. Bei zake ziko mbalimbali sana.

Shika neno moja kabla ya yote: kinachofungwa kwa bolti hakithibitishi kitu. Bampa, bawa la nyuma, rimu, nembo, viti na hata boneti hubadilishwa kwa siku chache katika garaji yoyote nzuri ya komini ya Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi. Kinachosema ukweli ni kile kilicholehemewa au kugongwa kwenye bodi. Kwa hiyo tazama sura ili upate dhana, kisha itafute ile dhana kwenye chuma.

Vifaa ni vichache: tepu ya kupimia ya mita 3 au 5, tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini isije ikakwaruza rangi, na simu ya kupigia picha.

Jambo moja kuhusu miaka, maana hapa ndipo ubishi mwingi huanzia. Porsche huhesabu mwaka wa modeli, ambao huanza baada ya likizo ya kiwanda ya katikati ya mwaka. Gari lililotoka kiwandani Oktoba 1973 ni modeli ya 1974. Miaka yote iliyo hapa chini ni ya modeli.

Hatua ya 1: pima kati ya magurudumu

Egesha gari mahali tambarare, nyoosha usukani, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Tepu iwe imelala sawa na ardhi. Pima pande zote mbili.

Ukipata karibu milimita 2211, hilo ni gari la mwanzo, 1964 hadi 1968. Ukipata kati ya 2268 na 2272, ni la 1969 au baadaye. Magari ya aina ya 964 na 993 (majina ya kiwanda ya 911 zilizofuata baada ya 1989, mpaka 1998), nayo yana 2272. Ukifika 2350, gari hilo ni 996 au la baada yake: injini yake inapozwa kwa maji na liko nje ya somo hili.

Zile milimita 57 za 1969 zina sababu. Uzito wa injini ulikuwa mwingi mno nyuma, na gari lilikuwa rahisi kurusha mkia kwenye kona. Kiwanda kiliiacha injini mahali pake, kikasogeza magurudumu ya nyuma. Tofauti hiyo unaipata kwa tepu ya kawaida. Lakini usijaribu kutenganisha 2268 na 2272 kwa tepu. Milimita 4 humezwa na mkono wako mwenyewe na bushi zilizochoka. Na kama upande wa kushoto na wa kulia vinatofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, acha habari za modeli kwanza. Uliza habari za ajali.

Hatua ya 2: soma pua

Simama mbele ya gari, uchuchumae kidogo.

Mpaka 1973 boneti ni ndefu, inashuka mpaka kwenye bampa, na bampa yenyewe ni nyembamba, imeshikana na bodi. Kuanzia 1974 boneti ni fupi na bampa ni nene, imejitenga na bodi, na kwenye pembe zake kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama ya akodioni. Sheria za usalama za Marekani ndizo zilizoleta bampa hiyo, na ilidumu mpaka 1989. Modeli ya 964 ina bampa laini ya plastiki yenye rangi ya gari, bila mikunjo, lakini taa zake bado zimesimama wima kama za zamani. Kwa 993 taa zimelala nyuma na mabega ya mbele yameshuka. Ukisimama ubavuni utaona mstari wa pua umekuwa mlaini.

Hii ni dhana tu. Boneti ndefu, mabega na bampa za chuma vinauzwa vipya, na watu wengi huvifunga kwenye magari ya 1978 au 1989 ili yafanane na ya 1973. Kazi hiyo si kosa, na ikifanywa vizuri inapendeza sana. Kosa ni kuiuza kwa jina lisilo lake.

Hatua ya 3: kama boneti ni ndefu, tafuta betri

Hapa ukae muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Magari ya 1969 hadi 1973 yalikuwa na betri mbili ndogo badala ya moja, kila moja katika kona yake mbele, nyuma ya taa. Kiwanda kilitaka uzito wa ziada puani ili kusawazisha ule wa injini. Kwa hiyo bodi ina visanduku viwili vya chuma, kushoto na kulia. Kuanzia 1974 betri ni moja, upande wa kushoto. Fungua boneti, inua zulia, mulika tochi kona ya kulia. Gari linaloitwa la 1973 lisilo na kisanduku cha betri upande wa kulia lina maswali ya kujibu. Labda kutu ilikula chuma na fundi wa bodi akaziba. Maji ya betri huozesha sana sehemu hiyo. Hapo weka sumaku: isiposhika, chini ya rangi kuna mastiki au faiba. Ikishika vizuri na lehemu ni nadhifu kama za kiwandani, basi kisanduku hakikuwahi kuwepo, na bodi ni ya 1974 au baadaye.

Mwaka wa 1972 una alama yake peke yake: kifuniko kidogo cha kujazia oili, nje ya bodi, nyuma tu ya mlango wa kulia. Kiliondolewa baada ya mwaka mmoja kwa sababu wahudumu wa vituo vya mafuta walikifungua na kumimina petroli kwenye tanki la oili. Miaka mingine yote ya boneti ndefu, oili hujazwa chini ya kifuniko cha injini. Kifuniko hicho cha nje kikiwepo, pamoja na tanki la oili lililo mbele ya gurudumu la kulia la nyuma, gari ni la 1972.

Ukubwa wa injini ulipanda hivi: lita 2.0 mpaka 1969, 2.2 kwa 1970 na 1971, na 2.4 kwa 1972 na 1973. Hiyo ya mwisho kwa kweli ni sentimita za ujazo 2341, kwa hiyo usishtuke ukiona namba hiyo kwenye hati. Herufi T, E na S hupanda kwa nguvu, T ikiwa ya chini.

Usisahau 912 ya 1965 hadi 1969. Bodi yake ni ya 911 lakini injini ina silinda nne. Nembo haitoshi, fungua nyuma, hesabu nyaya za plagi. Nne ni 912, sita ni 911.

Carrera RS 2.7 ya 1973 ndiyo inayoigwa kuliko zote. Zilitengenezwa 1580 tu, zenye nguvu za farasi 210 na mkia mfupi uliopinda juu. Mkia huo hauna maana yoyote kama ushahidi. Namba ya shasi ya RS ya kweli huanza na 911360. Ya S ya mwaka huo huanza na 91133.

Hatua ya 4: bampa zenye mikunjo, 1974 hadi 1989

Miaka kumi na sita katika nguo moja. Sikiliza injini ilivyo, uache bampa.

Injini ya lita 2.7, iliyotumika 1974 hadi 1977, ina krankesi (ganda la chini la injini) ya magnesi. Kwenye joto, studi za vichwa vya silinda hung'oka katika chuma hicho laini, na utaona oili ikivuja kati ya silinda na krankesi. Kwa joto la Oktoba la Lubumbashi, mulika hapo kabla ya kitu kingine. Bodi za kuanzia 1976 zilipakwa zinki, kwa hiyo kutu nzito kwenye gari la 1980 mara nyingi ni kovu la ajali au la lehemu mbaya.

SC, 1978 hadi 1983, ina lita 3.0. Carrera 3.2, 1984 hadi 1989, ina lita 3.2 na farasi 231 kwa soko la Ulaya. Kwa nje, 3.2 ina taa za ukungu zilizozamishwa chini ya bampa ya mbele, lakini kipande hicho huhamishwa. Fungua kifuniko cha injini. SC ina kigawanyo cha mafuta chenye mirija sita myembamba ya chuma inayotawanyika, mmoja kwa kila silinda. Kwa 3.2 injeksheni inaendeshwa na kompyuta na mirija hiyo haipo. Watu wengine hutazama vikaza mnyororo vinavyolishwa oili, vya 3.2. Hiyo si alama ya kutegemea, kwa kuwa SC nyingi zilifungiwa vikaza hivyo baadaye, na zilifanyiwa vizuri.

Ukiwa umekaa kwenye kiti unaweza kugawa 3.2 mara mbili. Mpaka 1986 gia ya kurudi nyuma iko kulia na chini. Kuanzia 1987 giaboksi ni G50, na gia hiyo iko kushoto na juu. Giaboksi hii haihamishwi kirahisi kwenye gari la zamani, kwani bomba la msalaba la bodi linalobeba springi za nyuma lilibidi likunjwe ili kuipisha. Hilo ni jambo la bodi, nami naliamini kuliko nembo yoyote.

Turbo, yaani 930, ilianza 1975 na lita 3.0, farasi 260. Kuanzia 1978 ikawa 3.3 yenye farasi 300 na kipoza hewa kikubwa chini ya bawa la nyuma. Kiwanda chenyewe kiliuza pia Carrera zenye bodi pana ya Turbo lakini bila turbo. Kwa hiyo makalio mapana hayatoshi. Turbo ya kweli ina gia nne mpaka 1988. Ya tano ilikuja 1989.

Hatua ya 5: 964 na 993

Hizi ni rahisi. 964, iliyoanza 1989 na Carrera 4, ina bawa linaloinuka lenyewe ukifika kilomita 80 kwa saa, injini ya lita 3.6 na plagi 12, mbili kwa kila silinda. Distribyuta, yaani kigawanyo cha umeme wa plagi, ni mbili zinazounganishwa na mkanda mdogo ndani. Mkanda ukikatika, plagi sita huacha kuwaka kwa wakati wake na injini hugonga. Gari huendelea kutembea, na dereva hajui linajiua. Carrera 4 utaijua kwa kitufe cha kufunga difu kati ya viti. Mlio wa 993 ni ule ule, lakini taa zilizolala huitambulisha mita 50 mbali. Ilikuwa ya mwisho kupozwa kwa hewa.

Hatua ya 6: namba ya shasi

Imegongwa kwenye chuma cha bodi, ndani ya sehemu ya mizigo ya mbele. Kibati pekee hakitoshi, kwa kuwa kibati hung'olewa.

Kwa magari ya 1970 hadi 1979 namba ina tarakimu kumi, na ya nne ni mwaka: 9118 ni 1978. Kuanzia 1981 ina herufi na tarakimu 17. Tazama nafasi ya 7, ya 8 na ya 12, uzisome pamoja. Katika WP0ZZZ91ZES1 unapata 9, 1 na 1: ni 911 ya kawaida. Ukipata 9, 3 na 0 ni Turbo. Ukipata 9, 6 na 4, au 9, 9 na 3, jina limejisema. Kwa njia hii Carrera ya bodi pana haiwezi kujiita 930.

Nafasi ya 10 ni mwaka. B ni 1981, C 1982, na kuendelea mpaka H 1987. Kisha I inarukwa, J 1988, K 1989, L 1990, M 1991, N 1992. O na Q pia zinarukwa: P 1993, R 1994, S 1995, T 1996, kisha V 1997 na W 1998. Hizo ZZZ za katikati ni za magari yasiyokusudiwa Marekani; ya Marekani yana herufi na tarakimu nyingine hapo.

Pitisha sumaku na kidole kuzunguka namba. Lehemu isiyo ya kiwandani pembeni yake, rangi nene kuliko jirani, au tarakimu moja iliyoinama ni sababu ya kusimama. Kisha linganisha na karte roze (hati ya usajili wa gari) au hati ya muuzaji, herufi kwa herufi. Mwaka wa hati usipolingana na nafasi ya 10, suluhisha kabla gari halijafika Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Kama gari liko mbali, omba picha hizi kwa mpangilio huu: namba iliyogongwa kwenye chuma, kona zote mbili za mbele chini ya zulia, injini kutoka juu, mchoro wa gia kwenye kirungu chake, na ubavu mzima ukipigwa kutoka usawa wa kitovu cha gurudumu. Picha ya kwanza isipokuja, usitume arbuni.