Jinsi ya kuwapata washairi wapya wa Uganda na kuwasoma inavyostahili

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Kiswahili hapa Kampala aliniomba nimwonyeshe pa kuanzia. Wanafunzi wake wanamuuliza ni nani anayetunga sasa, naye kabati lake limejaa vitabu vya marehemu tu. Nilimpa hatua hizi.

1. Anza kwa masikio. FEMRITE, chama cha wanawake waandishi, kiko Kamwokya, na klabu yake ya wasomaji na waandishi imezoea kukutana Jumatatu jioni. Wanaume pia wanakaribishwa. Ulizia ratiba kwanza. Video za simuni sizipendekezi kwa anayeanza, maana muziki wa chinichini hulibeba hata shairi dhaifu.

2. Pitia tuzo. Babishai Niwe ilianza mwaka 2008 kama tuzo ya wanawake wa Uganda, baadaye ikafungua milango kwa Afrika nzima. Kwa Kiswahili ipo Safal-Cornell, ambayo zamani iliitwa Mabati-Cornell. Usiishie kwa mshindi. Soma orodha fupi yote.

3. Soma shairi moja tu, kwa sauti, mpaka likufungukie. Hapa ndipo wengi wetu tuliolelewa na vina na mizani tunapokwama. Tunahesabu nane kwa nane, hesabu haitimii, tunasema "hii ni insha iliyokatwakatwa" na kufunga ukurasa. Acha kuhesabu. Tazama mshororo umekatwa wapi. Chukua mfano huu, nimeutunga hapa hapa:

Boda imezima
taa. Mama anahesabu
milio ya lango.

Ukisoma mshororo wa kwanza na kutua, unadhani boda imeharibika njiani. Kisha linakuja neno "taa", na mambo yanageuka: kuna mtu anarudi nyumbani kwa kificho, na mama yuko macho. Kazi hiyo imefanywa na pumzi moja. Ungeiandika sentensi ile kwa mfululizo, ingebaki taarifa tu. Kwa hiyo tua kila mwisho wa mshororo, hata pasipo na alama yoyote, kisha rudia bila kutua, usikie kilichopotea. Shika penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu alama zako za leo utazifuta kesho.

Tahadhari: si kila shairi lililokatwakatwa ni zuri. Ukiunganisha mishororo na hakuna kinachopungua, mtunzi hakuwa na sababu ya kuikata. Tena, kuwa shairi ni gumu si kosa. Shairi ukilielewa lote mara ya kwanza, mara nyingi hulirudii. Na kama limetungwa kwa Luganda au Acholi, tafuta mwenye lugha yake akusomee kabla hujashika tafsiri, hata kama huambulii neno. Mapigo yake utayasikia, na tafsiri haiwezi kukupa hayo.

Usisome diwani nzima kwa mkupuo. Mashairi mawili kwa jioni yanatosha.

4. Nunua kwa mtunzi mwenyewe. Vijitabu vingi huchapwa nakala chache na kuuzwa pale pale usomaji unapoisha. Mwambie ni mshororo upi umekukaa kichwani, na umuulize yeye anamsoma nani katika rika lake. Jina atakalokutajia, litafute wiki hiyo hiyo.