Saa Moja ya Magharibi: Vile Nilivyojifunza Kutulia na Jambo Moja

Miaka mitatu mfululizo mimi nilikuwa mtu wa "mwaka huu lazima nijue Kiitaliano". Hapa Malindi, pwani ya Kenya wanakoshuka Waitaliano wengi, kila mtu anajua kidogo, ciao, come stai, quanto, hata kijana wa kuuza korosho ufuoni anajua, lakini mgeni akikurudishia swali la pili unabaki kucheka na kutikisa kichwa kama mjusi kafiri. Daftari nilikuwa nalo, programu ya kujifunzia iko kwa simu, muda pia sikuukosa. Utulivu ndio sikuwa nao. Nakaa kusoma, simu inalia, naangalia mara moja tu, nashtukia ni saa nne usiku niko naangalia mtu anaosha mazulia sijui nchi gani. Basi haya si maneno ya mwalimu, ni ya mtu aliyechoka kujidanganya, na msimu uliopita nilisimama kwenye magofu ya Gede nikawazungusha wageni kwa Kiitaliano nusu saa nzima bila kutoa karatasi mfukoni.

Anza na kulipunguza hilo lengo lako. "Kujua Kiitaliano" si kazi, ni dua. Akili ukiipa kitu kikubwa hivyo haijui ishike wapi, na ikikosa pa kushika inakimbilia TikTok, wala usiilaumu. Mimi nilikata hivi: kabla ya wageni wa Disemba kuanza kushuka, niweze kueleza vituo vitano vya magofu ya Gede. Kaburi lile lenye tarehe, la mwaka 802 wa Hijria yaani 1399, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na habari ya mji ulivyohamwa mpaka miti ikaingia ndani ya nyumba. Vituo vitano, kila kimoja wiki mbili. Sasa hapo nikikaa najua kabisa leo ni kisima, nataka neno la kisima, la kamba, la maji ya chumvi, nikimaliza nimemaliza. Wewe lako laweza kuwa mtihani, au leseni ya udereva, au kuweka pesa ya mashine ya boti, kata vivyo hivyo mpaka ubaki na kitu cha jioni moja.

Muda sasa. Wengi watakwambia tumia ile njia ya nyanya, na kwa mtu anayesoma Kiitaliano inachekesha manake jina lenyewe pomodoro ni nyanya. Aliyeibuni ni Francesco Cirillo, Muitaliano, alikuwa mwanafunzi miaka ya mwisho ya 1980, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anasoma dakika 25 anapumzika 5. Njia nzuri, tatizo ni kwamba wengi wetu saa ya kutegesha iko kwenye simu, na ukiishika simu uangalie dakika umeshaumia. Mimi nikatafuta saa isiyo na skrini, kumbe iko juu ya paa la msikiti. Magharibi mpaka Isha huku kwetu ni kama saa moja na dakika kumi hivi, na kwa vile tuko karibu na ikweta haibadiliki sana, si kama Ulaya ambako leo jua linazama mapema na miezi sita baadaye mpaka usiku bado kunawaka. Naswali, narudi, nakunywa maji, nakaa. Isha ikiadhiniwa nasimama hata kama nimefika katikati ya sentensi. Nikishaimaliza ile saa moja yangu sidaiwi, naenda zangu maskani bila hatia yoyote. Kama wewe si mtu wa msikiti bado sauti utaisikia tu, Malindi hii utaikimbilia wapi. Alfajiri pia ni tamu kuliko hata jioni, hakuna joto, hakuna watu, lakini mimi usingizi ulinishinda na sitaki kujifanya.

Ila mchana baada ya kula, kaskazi limesimama, wali wa nazi tumboni, usijaribu. Hiyo si uvivu, lala. Na kuna wale wa "tafuna muguka upate stimu", yale majani ya jamii ya miraa, nishaona, macho yanakuwa wazi kama taa lakini ukurasa ni ule ule.

Tuje kwa simu yenyewe, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wote tunaanguka. Kuizima sauti haitoshi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin waliwapa watu kama 800 majaribio ya akili, wengine simu iko mezani imelazwa kifudifudi, wengine mfukoni au kwa mkoba, wengine chumba kingine kabisa, na wale wa chumba kingine wakafanya vizuri kuliko wa mezani, na simu zote zilikuwa kimya. Wako waliorudia jaribio hilo baadaye na matokeo hayakutoka sawa kila mara, lakini kwangu mimi halihitaji profesa: simu ikiwa mezani nusu ya kichwa changu kinaisikiliza. Kwa hivyo inakaa kwa mamangu chumbani. Kwa mamangu makusudi kabisa, manake nikienda kuichukua ataniuliza "ushamaliza?" na kumjibu uongo mama ni kazi.

Halafu bando. Hii sijaona mtu akiizungumzia. Ukinunua bando ya saa moja unakuwa mtumwa wake, kila dakika ukiwa nje unaona hasara, sasa utasomaje na dakika zako zinaungua? Nunua baada ya Isha, au chukua ile isiyoisha muda hata kama ni ghali kidogo. Grupu za WhatsApp nazo, ya harusi, ya ukoo, ya mtaa, ya waliomaliza darasa la nane pamoja, zote zinyamazishe daima kisha zipeleke kwa kumbukumbu zisikae mbele ya macho. Aliyefiwa au mwenye dharura atapiga simu, hakuna mtu wa pwani anayetangaza msiba kwa ujumbe akanyamaza.

Watu ni wagumu kuliko simu kwa kweli. Simu ukiizima haikununii. Ukisema "nasoma" nyumbani kwetu maana yake huna kazi, basi kimbia dukani ulete mkaa, mshike huyu mtoto, njoo uone hii televisheni ina nini. Nilibadilisha maneno tu. Siku hizi nasema "nakuja Isha ikiadhiniwa", na ajabu watu wanakubali, kwa sababu umewapa mwisho, hujawakataa. Na baraza usilisuse. Nilijaribu kususa wiki nzima, jamaa wakaja mpaka mlangoni kuuliza kama naumwa au nimeoa kisiri! Nenda mapema, Alasiri, kunywa kahawa yako chungu, sikiza habari zote, cheka, halafu Magharibi ukipotea hakuna anayekutafuta kwa vile ushaonekana.

Bado kuna kelele ya ndani, na hiyo haina mlango wa kufunga. Umekaa tu, deni la watu linakuja, sijui gesi imebaki ngapi, sijui yule alinijibu vile kwa nini. Weka kipande cha karatasi pembeni, kila likija liandike neno moja, gesi, deni, halafu rudi kisimani. Likiwa kwa karatasi akili inaliacha. Na kabla ya kuinuka andika mstari mmoja umefika wapi na kesho unaanza na nini. Mtafiti mmoja, Sophie Leroy, aliandika mwaka 2009 kuhusu vile mtu akihama kazi moja kwenda nyingine bila kumaliza, mabaki ya ile ya kwanza yanamfuata, na mwaka 2018 yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba ule mstari wa "nitarudi hapa" unapunguza hayo mabaki. Mimi naupenda kwa sababu ya kesho yake zaidi, sianzi kwa kujiuliza nilikuwa wapi vile.

Na panga majibu mapema. Mjerumani mmoja mtaalamu wa saikolojia, Peter Gollwitzer, aliliandika hili mwaka 1999 kwa njia rahisi: kama hivi ikitokea, basi nitafanya hivi. Si kuapa "sitapoteza muda", bali stima ikikatika nawasha taa ya sola naendelea na maneno ya jana, mgeni akija nafunga daftari namkaribisha kisha nalipa dakika zake baada ya Isha, nikikosa siku moja siifidii, naendelea na ya leo. Hiyo ya mwisho iliniokoa sana, zamani nikikosa Jumatatu nilikuwa nasubiri Jumatatu nyingine.

Ramadhani ndiyo inayovunja kila kitu hapo juu, manake Magharibi ni futari na Isha ni tarawehe, saa yangu yote imeliwa. Mwaka jana nilijaribu baada ya daku, nikawa nasinzia juu ya daftari mpaka wino ukanichora shavuni. Ijayo nitajaribu kati ya Adhuhuri na Alasiri, nyumba nzima imelala, mamangu pia, kwa hivyo simu itabidi nimpe mtu mwingine anifichie.